Kabla hujanunua draivu ya tepu kwa mtandao wa nyumbani

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota ghafla Tanzania na katika nchi kadhaa jirani. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na siku zilizofuata watu walihangaika kutuma hata picha moja. Shemeji yangu hapa Tanga, mpiga video za harusi, alikuwa ameweka kazi ya mteja kwenye wingu peke yake, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, na siku ya kukabidhi ilikuwa imefika. Hakupoteza kitu. Mtandao uliporudi, faili zake zilikuwepo zote. Ila zile siku za kukaa mbele ya kompyuta akijua kazi ipo na mkono haufiki, zilimwingia. Tangu hapo amekuwa akisoma habari za kuhifadhi data, mpaka juzi akanijia na swali lililokwisha kuiva kichwani: "Shemeji, wanasema tepu ndiyo mwisho wa matatizo. Ninunue draivu gani?"

Swali hilo silisikii kwake tu. Wapiga picha wanauliza, wenye studio ndogo wanauliza, hata mtu mwenye picha za familia za miaka ishirini anauliza. Na kila mara nalikuta limebeba maswali mengine ambayo hayajaulizwa: una data kiasi gani, waya wako wa nyumbani unabeba kwa kasi gani, na baada ya miaka kumi utaisomea wapi hiyo tepu. Ukiyajibu hayo, draivu inajichagua yenyewe. Usipoyajibu, utanunua chuma kizuri kikae kabatini.

Tuelewane kwanza maneno

Nakala ya akiba, ambayo wengi tunaiita bekapu, ni nakala ya data inayokaa mbali na ile ya awali, kiasi kwamba baya likiipata ya awali haliipati hiyo ya pili. Hapo kwenye "mbali" ndipo watu wanapokosea. Wengi siku hizi wana NAS, kile kisanduku chenye diski mbili au nne kinachounganishwa na ruta ili kompyuta zote za nyumba zihifadhi humo. Diski zake hunakiliana, moja ikifa nyingine inaendelea, na mwenye nacho husema ana bekapu. Hana. Mtoto akifuta folda, inafutika kwenye diski zote mbili sekunde ileile. Radi ikipiga, imepiga kisanduku kimoja. Kirusi cha kudai fidia, kama kile cha WannaCry kilichozunguka dunia Mei 2017, hufunga kila faili kinachoweza kulifikia, na NAS inafikika muda wote. Kunakiliana kwa diski kunakukinga na kifo cha diski moja, basi.

Sasa tepu. Ni jamaa wa karibu wa kaseti tulizosikilizia taarabu: utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wenye sumaku, umeviringishwa ndani ya kasha. Nitaliita kasha hilo pamoja na utepe wake kanda. Draivu ni mashine inayoandika na kuisoma kanda, kama vile redio kaseti ilivyokuwa kwa kaseti. Tofauti hii ya kanda na draivu ndiyo inayobeba hesabu nzima ya fedha, kwa hiyo ishike vizuri. Diski ya kompyuta ina sahani za kuhifadhia, mota na vichwa vya kusomea, vyote ndani ya boksi moja. Kununua diski nyingine ni kama kununua redio nzima kila unapotaka kaseti mpya. Kwenye tepu unanunua redio mara moja, kwa bei ya kuuma, kisha unanunua kaseti tu, na kaseti ni rahisi.

Kuna tofauti ya pili, nayo ni ya mwendo. Aliyewahi kutafuta wimbo wa nne upande B kwa kuzungusha kaseti na kalamu anaijua tayari. Kwenye diski, kichwa kinaruka moja kwa moja hadi faili ilipo. Kwenye kanda, utepe lazima ukimbizwe hadi mahali penyewe, na huo ni muda wa dakika moja au mbili. Ndiyo maana tepu haifai kufanyia kazi. Huhariri video kutoka kwenye kanda. Unaandika, unaitoa, unaiweka mbali.

Na huko kuitoa ndiyo nguvu yake kubwa. Kanda iliyo kwenye rafu haina waya wala umeme, na hakuna kirusi kinachoweza kutembea hewani hadi kabatini. Mwaka 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, kama asilimia 0.02 yao. Google wanahifadhi data katika vituo vingi, lakini hitilafu ile ilikuwa imegusa nakala zilizokuwa mtandaoni. Barua zikarudishwa kutoka kwenye kanda. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema tepu ilikufa zamani, mwambie ilihama tu sebuleni. CERN, maabara ya fizikia iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mpaka leo inaweka data za majaribio yake kwenye kanda.

Una data kiasi gani?

Hapa ndipo nilipomkalisha shemeji na karatasi. Kamera ikirekodi video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45 (biti nane ni baiti moja). Kamera mbili, saa sita, kuanzia saluni hadi keki, ni gigabaiti 540 kwa harusi moja. Familia ya kawaida yenye picha za simu, vyeti vilivyoskaniwa na video za watoto, mara nyingi haifiki terabaiti 2, yaani gigabaiti 2,000, kwa miaka yote. Watu hawa wawili hawahitaji kitu kimoja.

Nitumie bei za mfano, ili tuione hesabu inavyokwenda. Wewe weka bei za siku unayonunua. Tuseme draivu iliyotumika pamoja na kadi ya kuiunganisha ni shilingi 1,500,000. Kanda ya terabaiti 2.5 iwe shilingi 80,000, yaani 32,000 kwa kila terabaiti. Diski ya nje ya terabaiti 4 iwe shilingi 350,000, yaani 87,500 kwa terabaiti. Kila terabaiti unayoiweka kwenye kanda badala ya diski inakuokolea shilingi 55,500. Gawa 1,500,000 kwa 55,500, unapata 27. Maana yake, kwa bei hizo, mpaka uwe umehifadhi terabaiti 27 ndipo draivu inaanza kurudisha gharama yake. Kumbuka kwamba nakala mbili za terabaiti 14 ni terabaiti 28, kwa hiyo mpiga video anaweza kufika huko mapema kuliko anavyodhani. Familia yenye terabaiti 2 haifiki kamwe, na nawaambia hivyo waziwazi: nunueni diski mbili za nje, moja ikae kwa dada au mjomba, mzibadilishane. Msinunue tepu.

Kwa anayefika huko, wingu halimsaidii peke yake. Terabaiti 4 zikipandishwa kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde zinachukua siku 37, usiku na mchana, umeme usikatike.

Vizazi vya LTO

Zamani palikuwa na aina nyingi za tepu kwa ajili ya ofisi ndogo na nyumba, na baadhi bado zinauzwa kama mitumba. Utakutana na DAT 72 kwa bei ya kutupa. Kanda yake inabeba gigabaiti 36. Saa moja ya ile video ya 4K ni gigabaiti 45. Umeshaona.

Aina iliyobaki na kutawala inaitwa LTO. Ni mpango wa pamoja ulioanzishwa na IBM, HP na Seagate, ukatoa kanda yake ya kwanza mwaka 2000, ili kanda iliyotengenezwa na kampuni moja isomeke kwenye draivu ya kampuni nyingine. Ya kwanza ilibeba gigabaiti 100. Kila baada ya miaka michache kinatoka kizazi kipya chenye namba yake: LTO-5 ya mwaka 2010 inabeba terabaiti 1.5, LTO-6 ya 2012 inabeba 2.5, LTO-7 ya 2015 inabeba 6, LTO-8 ya 2017 inabeba 12, na LTO-9 ya 2021 inabeba 18. Draivu mpya ya LTO-9 ni maelfu ya dola, na hilo linaiondoa nyumbani kwa wengi wetu. Kinachotufaa ni draivu zilizotumika za LTO-5 na LTO-6, zinazotoka kwenye kampuni zinapobadilisha mitambo.

Angalia vizuri namba iliyochapwa kwenye kanda. LTO-6 utaikuta imeandikwa terabaiti 6.25 kwa herufi nene. Namba hiyo inadhani kwamba data yako inaweza kubanwa hadi ipungue mara 2.5. Maandishi na hesabu za ofisi hubanika. Video, picha za simu na muziki havibaniki, kwa sababu vilishabanwa na kamera yenyewe. Dagaa aliyekwisha kaushwa huwezi kumkausha tena apungue. Kwa nyumba iliyojaa picha na video, soma namba ndogo peke yake: 2.5.

Kisha kuna suala la nani anamsoma nani. Draivu za LTO hadi kizazi cha 7 husoma kanda za kizazi chake na za vizazi viwili vilivyotangulia, na huandika kwenye kanda za kizazi chake na kimoja cha nyuma. Draivu ya LTO-6 itaandika kanda za 6 na 5, na kusoma hadi za 4. Kuanzia LTO-8 utaratibu huo ulikatika: draivu ya LTO-8 inaielewa ya 7 na ya 8 tu, ya LTO-9 inaielewa ya 8 na ya 9 tu, na LTO-10 iliyotoka mwaka 2025 haisomi kanda yoyote ya nyuma yake. Draivu haisomi kanda ya kizazi kilichoizidi, kamwe. Kwa hiyo mtu akikupa kanda za LTO-6 za bure na wewe una draivu ya LTO-5, amekupa plastiki.

Hapa pia ndipo panapohitaji kuguswa ile ahadi ya miaka 30. Watengenezaji husema kanda ikitunzwa vizuri inadumu hadi miaka 30, na sina sababu ya kubishana nao. Lakini kanda bila draivu ni kaseti bila redio. Ukichagua LTO-6 leo, umechagua pia kutafuta draivu ya LTO-6 au ya LTO-7 siku draivu yako ikiharibika, kwa sababu LTO-8 haitakusaidia. Mimi naona ni busara kupanga tangu mwanzo kwamba baada ya miaka minane au kumi utazihamishia data zako kwenye chombo kipya, vyovyote kitakavyokuwa.

Mashine ya kusaga haitaki kusubiri

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo linaloua draivu nyingi za nyumbani. Draivu ya tepu ina kasi kubwa. LTO-5 huandika megabaiti 140 kwa sekunde, LTO-6 megabaiti 160. Ukisikia hivyo unafurahi. Sasa fikiria mashine ya kusaga unga. Mota inazunguka, mawe yanazunguka, na aliye juu lazima aendelee kumimina mahindi. Akisimama kutafuta gunia jingine, mashine inazunguka bure.

Draivu ya tepu ni mbaya zaidi ya hapo, kwa kuwa haiwezi kuzunguka bure. Utepe unakimbia mita 6 hivi kwa sekunde. Data ikikatika, draivu inalazimika kusimamisha utepe, lakini kwa kasi ile inasimama ikiwa imeshapita mahali ilipoachia kuandika. Basi inarudi nyuma, inajipanga, inasubiri data ijae tena, inaanza kukimbia, inaandika kidogo, data inakatika tena. Mafundi wa zamani waliita hali hiyo kung'arisha viatu, kwa jinsi utepe unavyokwenda mbele na nyuma kama kitambaa cha mpiga kiwi. Utepe unachakaa, kichwa kinachakaa, na kazi ya saa tatu inachukua usiku kucha.

Nilisikia sauti yake kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa sebuleni. Nilikuwa nanakili folda ya picha za familia kutoka kwenye NAS kwa waifai, moja kwa moja hadi kwenye kanda. Draivu ilinguruma sekunde mbili, ikasita, ikatoa mlio mwembamba wa kurudi nyuma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Nikadhani ndivyo inavyofanya kazi. Dakika arobaini baadaye ilikuwa imeandika kiasi ambacho kingeandikwa kwa dakika chache, na kasha lake lilikuwa la moto mkononi nilipolitoa.

Sababu ni hesabu ya waya. Waifai ya nyumbani, ukuta mmoja katikati, inaweza kukupa megabaiti 20 au 30 kwa sekunde. Waya wa mtandao wa gigabiti moja unakupa karibu megabaiti 110. Draivu za siku hizi zinajua kupunguza mwendo ili zilingane na data inayokuja, na LTO-5 au LTO-6 huzivumilia megabaiti 110 bila tabu. Ila kuna kiwango cha chini ambacho haziwezi kushuka zaidi, na waifai iko chini ya kiwango hicho. Picha ndogondogo elfu kumi zinapunguza kasi zaidi hata kwenye waya, kwa kuwa kompyuta inatumia muda mwingi kufungua na kufunga faili kuliko kusoma.

Tiba si ngumu. Kompyuta yenye draivu ya tepu iwe na diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sahani zinazozunguka, ndani yake. Kwanza hamishia data humo kutoka kwenye NAS, polepole, hata kwa siku nzima. Faili ndogo zifungashe ziwe faili moja kubwa. Programu ya tar, ambayo ipo kwenye kila Linux, ilibuniwa kwa kazi hii hasa. Kisha andika kutoka SSD hadi kanda kwa mkupuo. Kanda nzima ya LTO-6 kwa kasi yake kamili inajaa kwa saa nne na dakika ishirini hivi. Usiku huo huo nilifanya hivyo kwa picha zilezile, na draivu ikatoa mngurumo mmoja mnyoofu mpaka mwisho. Ukiusikia mara moja hutausahau, na utajua siku ukikosekana.

Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi LTO-7 au LTO-8 kwa nyumba yenye waya wa gigabiti. Zinaandika megabaiti 300 na zaidi kwa sekunde. Utakuwa umenunua mashine ya kijiji ukamimina mahindi kwa kijiko.

Nyuma ya draivu

Kabla ya kulipa, omba picha ya upande wa nyuma. Nasema kwa uchungu. Draivu yangu ya kwanza ilikuwa LTO-5 iliyotumika, safi, bei nzuri, picha zote za mbele. Nilipofungua boksi nikaigeuza, nikakuta matundu mawili madogo ya waya wa mwanga badala ya soketi pana niliyoitarajia. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mitambo mikubwa ya kampuni, aina inayoandikwa FC, na kuiunganisha na kompyuta ya nyumbani kungehitaji kadi na waya ambavyo sikuvipata hapa. Muuzaji alikuwa ameandika "LTO-5, nzima", na kweli ilikuwa nzima.

Unachotaka ni herufi SAS. Draivu ya SAS inaunganishwa na kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani, na kadi iwe ya kawaida, isiyokuwa ya RAID (ile ya kuunganisha diski kadhaa zinakiliane), kwa sababu kadi nyingi za RAID hazielewani na tepu. Kompyuta mpakato haina pa kuichomeka. NAS ndogo nyingi pia hazina. Zipo draivu zenye soketi ya Thunderbolt zinazoingia kwenye kompyuta mpakato moja kwa moja, lakini kwa bei yake unaweza kununua kompyuta ya mezani, draivu iliyotumika na kanda za kutosha.

Jihadhari pia na draivu zilizong'olewa kwenye maktaba za kanda, yale makabati ambamo mkono wa roboti hubadilisha kanda. Dalili yake ni uso uliokosa kifuniko na kitufe cha kutolea kanda. Baadhi zinafanya kazi zikiwa peke yake, nyingine zinasubiri amri ya roboti ambaye hayupo. Ukiwa hujui kuzitofautisha, ziache.

Draivu ikifika, ipime kabla muda wa kurudisha haujaisha. IBM wana programu iitwayo ITDT na HPE wana Library and Tape Tools, zinazosoma kumbukumbu za ndani ya draivu na kuandika kanda ya majaribio. Nunua na kanda moja ya kusafishia, ile inayotumika mara 50 hivi. Isafishe draivu pale inapoomba yenyewe, usiisafishe kila wiki kwa mapenzi, maana kanda ya kusafishia inakwangua. Na usiiweke draivu ya ndani kwenye kasha lisilo na feni. Zinachemka, na kwa joto letu la Februari zinachemka zaidi.

Inaonekana kama flashi, lakini si flashi

Kuanzia LTO-5 kuna utaratibu uitwao LTFS, unaoifanya kanda ionekane kwenye kompyuta kama flashi: folda, faili, buruta, weka. Ni jambo zuri, kwa kuwa mtu mwingine anaweza kuisoma kanda yako bila kuijua programu uliyotumia. Lakini umewadanganya wengi. Ukifuta faili kwenye LTFS nafasi hairudi, kwa sababu utepe umeshapita. Mpaka uifute kanda nzima na kuanza upya. Na ukifungua folda yenye picha ukataka kuziona zote kwa vijipicha, draivu itaanza kukimbia huku na huko ikitafuta kila moja. Kujaza kanda moja ya LTO-5 mara moja, kichwa kinapitiwa na utepe wa kilomita zaidi ya 67, katika safari 80, ya kwenda na ya kurudi kila moja ikihesabiwa peke yake. Usiuongezee safari za bure.

Unyevu wa pwani

Sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja tunajua kuvu anavyokaa kwenye kaseti za zamani. Kanda za LTO zinataka kutunzwa kwa muda mrefu mahali penye joto la nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Chumba cha kawaida cha pwani hakifiki huko hata usiku. Usiweke kanda kwenye friji. Unyevu utaganda juu yake ukiitoa. Kinachofaa ni kontena la chakula lenye mfuniko wa mpira, kanda zikiwa ndani ya makasha yake, zimesimama, pamoja na vile vifuko vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ila vipya na vikubwa. Vibadilishe. Kanda ikisafiri kutoka mahali baridi kwenda mahali pa joto, iache ipumzike siku nzima kabla ya kuiingiza kwenye draivu.

Kisha isukume ile swichi ndogo ya kuzuia kuandika, na uandike kwa kalamu kwenye lebo: tarehe, kilichomo, aina ya LTO, programu iliyotumika. Kama umeifunga kwa nywila, na draivu tangu LTO-4 zina uwezo huo, nywila iandikwe kwenye karatasi inayokaa mahali pengine. Nywila ikipotea, data imekwenda, hata mtengenezaji hawezi kuifungua.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo sasa kila mtu anaitaja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Tulipoishika na shemeji, tukajumlisha data zake za miaka sita. Zilikuwa terabaiti 9, zikiongezeka kama 3 kwa mwaka. Nakala mbili ni 18. Hajafika 27.

Hakununua draivu. Alinunua diski mbili za terabaiti 12, moja ikabaki kwake na nyingine ikapanda Lushoto kwa mama yake, kule kwenye baridi, na huzibadilisha kila anapokwenda kusalimia. Harusi nne za mwaka jana tuliziandika pia kwenye kanda moja ya LTO-6 kwenye draivu yangu, ili azoee kabla hesabu haijamfikia. Jumamosi tuliirudisha kanda ndani tukachagua faili moja bila kuangalia, tukainakili kwenye kompyuta ambayo haikuwa nayo, tukaifungua. Ilichukua kama dakika nne. Ilikuwa ya ukumbini, shangazi wa bwana harusi amesimama na kipaza sauti, anaimba, na shemeji akaongeza sauti.